Makala juu ya makala: umeme usipofika, msitu ndio unalipa

Msomaji wa Dar es Salaam akikutana na neno "makala" anafikiria gazeti. Wa Lubumbashi anafikiria gunia jeusi lililofungwa kamba juu ya kinga (baiskeli), likisukumwa alfajiri kwenye barabara ya Kasenga kuelekea mitaa ya Ruashi au Katuba. Maandishi haya yanahusu makala ya Lubumbashi, yaani mkaa wa kupikia. Hoja yenyewe ni hii: huku Katanga, kusini mashariki mwa Kongo (DRC), hewa ya ukaa haizidi kwa sababu tu uchumi unakua. Inazidi pale uchumi unapokua bila umeme kufika. Na hesabu wanazozitumia wachambuzi wengi zimepangwa kwa namna isiyoweza kuliona jambo hilo.

Tuanze na kanuni inayonukuliwa sana. Mjapani Yoichi Kaya aligawa kaboni ya nchi katika vipande vinne vinavyozidishwa: idadi ya watu, pato la kila mtu, nishati inayotumika kwa kila dola ya pato, na kaboni iliyomo katika kila kipimo cha nishati. Kanuni hiyo haikosei kamwe, na hapo ndipo udhaifu wake. Ni sawa na kusema fedha uliyotumia kwa makala ni kilo ulizonunua mara bei ya kilo moja. Ni kweli leo, itakuwa kweli kesho, lakini haikuelezi kwa nini bei ilipanda.

Halafu kuna ule mchoro wa mlima, uliopewa jina la mchumi Simon Kuznets na kupata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya Grossman na Krueger. Unadai kwamba nchi maskini ikianza kutajirika uchafuzi unapanda, unafika kileleni, kisha unashuka kadiri watu wanavyopata uwezo wa kudai hewa safi. Kwa vumbi na moshi wa salfa mijini, mchoro huo umeonekana mahali kadhaa. Kwa hewa ya ukaa ushahidi ni dhaifu zaidi. Uingereza inatajwa mara nyingi kama mfano: ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe tarehe 30 Septemba 2024, na hewa ya ukaa inayotoka ndani ya mipaka yake ni karibu nusu ya ile ya 1990, huku uchumi ukiwa umekua. Sawa. Lakini sehemu ya vitu wanavyovitumia Waingereza sasa inatengenezwa kwingine, na moshi wake unaandikwa huko.

Sasa weka Kongo ndani ya mchoro huo. Uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 8 mwaka 2022 na tena mwaka 2023, migodi ikiwa mbele. Umeme wa gridi karibu wote unatoka kwenye maji. Hewa ya ukaa inayotokana na mafuta haifiki hata sehemu ya kumi ya tani kwa mtu kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi tani nne. Kwa hesabu hiyo Kongo ndiye mwanafunzi wa kwanza darasani: anakua na hachafui.

Kosa liko kwenye daftari. Kwa kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto, hewa ya ukaa inayotoka kwenye kuni na makala haijumlishwi katika sekta ya nishati. Inahesabiwa upande wa ardhi, kama upotevu wa msitu, ili isihesabiwe mara mbili. Kanuni ina akili. Shida inaanza pale mchambuzi anapochukua safu ya nishati peke yake, akailinganisha na pato la taifa kwa miaka 40, na kutangaza kwamba hiki kinasababisha kile. Nishati ambayo kaya nyingi za Lubumbashi zinapikia haimo kabisa katika safu hiyo.

Historia ya Gécamines, kampuni ya taifa ya migodi, inaonyesha jinsi safu hiyo inavyopotosha. Mwaka 1986 kampuni ilitoa karibu tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Viwanda vikinyamaza, mafuta yanayochomwa yanapungua. Anayesoma safu ya nishati peke yake angeandika kwamba Katanga inapunguza kaboni. Wakati huohuo watu waliokosa mshahara waligeukia shamba na makala.

Kinyume chake kilitokea zamani zaidi, na wachache wanakikumbuka. Tanuru la Lubumbashi lilipowashwa mwaka 1911, lilitegemea koki (makaa ya mawe yaliyookwa) na makaa ya mawe kutoka Wankie, Zimbabwe ya leo, yakija kwa reli. Mwaka 1929 kiwanda cha elektrolisisi cha Shituru kilianza kazi Likasi, na mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kikaanza kutoa umeme kwenye mto Lufira. Miaka ya 1950 zikafuata Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Shaba iliongezeka huku utegemezi wa makaa ya mawe kwa kila tani ukipungua, muda mrefu kabla mtu hajafikiria mkutano wa tabianchi. Sababu ilikuwa gharama: maji yalikuwa karibu, Wankie ilikuwa mbali. Ila nyaya zilivutwa kwenda viwandani. Mitaa ya wafanyakazi ilipata masalio, na ramani hiyo haijabadilika kiasi cha kutosha.

Tuangalie shaba ya leo kwa namba. Kupata tani moja ya kathodi (mabamba ya shaba safi) kutoka kwenye matangi ya elektrolisisi kunahitaji takriban kilowati-saa 2,000. Hiyo ni fizikia: kila atomu ya shaba inadai elektroni mbili, volti kwenye tangi ni kama 2, na sehemu ya mkondo inapotea njiani. Kwa hiyo tani milioni moja za kathodi kwa mwaka zinameza megawati 230 usiku na mchana, kwa matangi tu, kabla ya vinu vya kusagia mawe, pampu na feni za chini ya ardhi. Nseke nzima ina uwezo wa megawati 248. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile. Si yote inatoka kama kathodi, kwa kuwa sehemu inauzwa ikiwa bado mchanga uliosafishwa, lakini picha inaeleweka.

Umeme unapokosekana, mgodi unaagiza kutoka Zambia au unawasha grupe (jenereta) za mazuti (dizeli). Lita moja ya mazuti inatoa kilo 2.7 za hewa ya ukaa, na grupe kubwa inapata kwayo kilowati-saa 3.5 hivi. Ni kama kilo 0.8 kwa kila kilowati-saa. Zidisha kwa 2,000: tani 1.6 za hewa ya ukaa kwa tani ya shaba, kwa matangi peke yake, mahali ambapo umeme wa maji ungetoa karibu sifuri. Grupe ikiendeshwa chini ya theluthi ya uwezo wake, hali inakuwa mbaya zaidi: silinda hazipati joto la kutosha, mazuti hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye bomba la moshi, na lita inatoa umeme mchache kuliko ilivyopaswa.

Linganisha na makamyo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambayo watu wanayalaumu kwa sababu foleni inaonekana. Kamyo lililobeba tani 30 na zaidi hadi Dar es Salaam, kama kilomita 2,000, linakunywa takriban lita 900. Hiyo ni karibu kilo 80 za hewa ya ukaa kwa tani, na hata ukihesabu kurudi tupu hufiki kilo 150. Reli ingeleta nafuu nyingine nyingi, ikiwemo barabara zisizochimbika. Lakini kama swali ni kaboni, chanzo cha umeme kiwandani kina uzito mara kumi ya safari ya barabarani.

Kuagiza kutoka kusini nako kuna mtego. Kwenye gridi ya pamoja ya kusini mwa Afrika kuna maji ya mabwawa ya Kariba na Cahora Bassa, na kuna vituo vingi vya makaa ya mawe, hasa Afrika Kusini. Ukame wa 2024 ulishusha Kariba hadi Zambia yenyewe ikaingia gizani kwa saa nyingi kila siku. Mvua inayowanyima Wazambia mara nyingi inainyima pia Lufira. Mto Kongo una tabia nyingine: matawi yake yako kaskazini na kusini ya ikweta, upande mmoja ukikauka mwingine una mvua, na ndiyo maana maji ya kituo cha umeme cha Inga hayayumbi sana. Laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inabeba mkondo usiogeuka kwa volti 500,000, na kuuchota njiani kunahitaji kituo cha kuubadilisha chenye gharama kubwa kupita kiasi kwa kijiji. Nguzo zinapita juu ya vijiji vinavyopikia kuni. Hilo lilikuwa uamuzi, si bahati mbaya.

Tufike jikoni, kwani huko ndiko kuliko na kaboni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kutengeneza kilo moja ya makala katika tanuru la udongo la kawaida kunahitaji kama kilo 7 za kuni zilizokauka hewani. Fundi mzuri anatumia pungufu, mwenye haraka anatumia zaidi. Kuni mbichi ndilo kosa la kwanza: karibu nusu ya uzito wake ni maji, na tanuru linachoma kuni nyingine ili kuyakausha. Magogo yakipangwa kwa kuachana, hewa inazunguka ndani. Udongo ukipasuka usiku na hakuna anayeziba, ukifika asubuhi unakuta majivu mahali palipokuwa na magunia mawili. Tanuru lenye bomba la moshi la mapipa, kama lile la Casamance, linasaidia kupanda kutoka kilo 14 za makala kwa kilo 100 za kuni hadi 20 au zaidi, lakini mkata miti anayehama kila mwezi hana sababu ya kubeba mapipa.

Zile kilo 7 za kuni zina joto la megajuli 112 hivi. Kilo ya makala iliyopatikana ina 30. Kwenye mbabula (jiko la makala) ya bati isiyo na udongo ndani, chini ya sehemu ya tano ya hizo 30 ndiyo inayoingia chunguni, kama megajuli 5.4. Yaani katika kila sehemu 100 za joto lililokuwa ndani ya mti, sehemu 5 tu ndizo zinazopika sombe (kisamvu). Mbabula yenye kauri ndani inasogeza hadi 8. Ni nafuu ya kweli kwa mfuko wa mama wa nyumbani, na ni vibaya kuidharau, lakini bado ni 8 kati ya 100.

Resho, jiko la sahani la umeme, inaingiza chunguni takriban asilimia 70 ya umeme inaoupokea, sawa na megajuli 2.5 kwa kila kilowati-saa. Kwa hiyo kilo moja ya makala inalingana na kilowati-saa 2 na kidogo. Sasa kaboni: kilo 7 za kuni zina kaboni kama kilo 3, na msitu usipoota tena hizo zinakuwa kilo 11 za hewa ya ukaa. Gawanya kwa mbili na kidogo: kilowati-saa moja iliyoingia kwenye resho ya Katuba inaokoa kama kilo 5. Ile iliyozima grupe ya mgodi inaokoa 0.8.

Mara sita. Namba hiyo ndiyo ingepaswa kuwa juu ya meza kila panapozungumzwa nani apewe umeme mpya.

Inategemea neno moja, "usipoota". Miombo si msitu dhaifu. Miti kama mutondo na muputu inachipua kutoka kwenye kisiki, na kikiachwa kwa miaka 20 hadi 30 kinarudisha kuni nyingi. Kinachokiua ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa na machipukizi yakiwa laini. Majaribio yaliyoanza Ndola, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1933 yalionyesha wazi: eneo linalochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka linageuka kuwa nyasi, lile linalochomwa mapema, Mei au Juni, linabaki na miti. Adui wa pili ni mahindi. Mkata makala anaondoka, mkulima anaingia, anang'oa visiki. Kuzunguka Lubumbashi mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na kwa hiyo kudhani kwamba msitu unaota wote ni kujidanganya. Hata ukidhani nusu yake inarudi, kilowati-saa ya jikoni bado inaokoa mara tatu ya ile ya mgodini.

Kwa nini basi kaya zenye waya zinaendelea kununua makala? Jibu rahisi ni delestaji, yaani mgao wa umeme, na ni kweli. Jibu lisilosemwa ni volti. Nguvu ya resho inafuata mraba wa volti. Resho ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 220, ikipata 170, inatoa wati 900 hivi. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Kuchemsha lita 5 kwa umeme kamili kunachukua dakika 25. Kwa volti 170 kunachukua 42 na zaidi, maana chungu kinapoteza joto muda wote huo. Mtu mwenye watoto wanne wanaolia njaa hatasubiri. Atawasha mbabula, na kesho hatajaribu tena resho.

Volti zinashuka kwa sababu zinazoeleweka. Tuchukue kabini (transfoma ya mtaa) ya kVA 250 inayolisha nyumba 400. Nusu yao wakiwasha resho za wati 1,500 kwa pamoja jioni, wanadai kilowati 300, na hapo hujahesabu taa, televisheni na friji. Waya mwembamba uliounganishwa mtaa kwa mtaa unazidisha tatizo, kwani mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalopotea kwenye waya linaongezeka mara nne. Nyumba ya kwanza inapata 215, ya mwisho 160. Fyuzi zikikatika, mtu anaweka kipande cha waya mnene badala yake, na kuanzia hapo kinachoungua ni kabini yenyewe. Kuongeza megawati Nzilo bila kugusa kabini na nyaya za mitaa ni kumwaga maji kwenye mtungi uliotoboka.

Chungu cha umeme cha mvuke kinapunguza mzigo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa kikishapata presha kinawaka na kuzima chenyewe. Maharagwe yanaiva kwa kama nusu ya kilowati-saa, na joto la ndani linapita nyuzi 96 za mji huu. Mipaka yake ni miwili. Vingine vinagoma volti zikishuka sana. Na bukari (ugali) haisongwi ndani ya chungu kilichofungwa. Mpango wowote wa kupika kwa umeme Lubumbashi usiohesabu dakika 15 za kusonga bukari umeandikwa na mtu asiyekula hapa.

Mwenye mgodi atasema kwamba yeye analipa, tena kwa dola, na anatumia umeme saa 24 bila kupanda wala kushuka, wakati jiko linataka umeme wote kati ya saa kumi na saa moja jioni. Ana haki. Muuzaji yeyote wa umeme anampenda mteja wa namna hiyo, na vituo kama Mwadingusha, kilichorudi kazini mwaka 2021 baada ya ukarabati, visingesimama tena bila fedha za migodi. Kwa kawaida mgodi unatanguliza fedha, SNEL, shirika la umeme la taifa, inazilipa polepole kwa kupunguza ankara. Utaratibu huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba unahesabu turbini na laini ya volti kubwa tu, na unaishia kwenye geti la kiwanda.

Ningeubadilisha mahali pawili. Kwanza, kila mkataba wa ukarabati ubebe kabini na nyaya za mitaa iliyotajwa kwa jina, zikilipwa kwa punguzo lilelile la ankara, na mita zifungwe kabla ya megawati ya kwanza kufika mgodini. Pili, migodi ijenge sola kwa matumizi ya mchana. Kuanzia Mei hadi Septemba anga la Katanga ni jeupe, na ndio wakati mito inapopungua. Megawati ya sola saa sita mchana inaruhusu maji kubaki nyuma ya bwawa la Nzilo au katika ziwa la Tshangalele, linalolisha Mwadingusha, hadi saa kumi na moja jioni, mbabula zinapowashwa. Bwawa ni betri ambayo tayari tunayo. Betri za kununua zinaweza kungoja.

Je, umeme mwingi jikoni hautaongeza matumizi mengine, friji, mashine za kuchomelea, saluni, vinu vya mahindi? Utaongeza, na ndilo lengo. Nishati kwa kila mtu itapanda, pato litapanda, na kaboni kwenye safu ya nishati haitasogea sana kwa kuwa chanzo ni maji na jua, ilhali safu ya ardhi itashuka. Mchambuzi wa safu moja hataona kitu. Ataandika kwamba Kongo ilitumia nishati zaidi bila mabadiliko ya maana.

Kwa anayetaka kupima mapema kama mpango wowote unafanya kazi, hahitaji takwimu za taifa. Achukue kipima-volti cha fundi, aende kwenye nyumba ya mwisho ya laini saa moja jioni, siku ya kazi, si Jumapili, apime mara tatu kwa kupishana dakika kumi. Ikisoma 205 au zaidi, resho inabaki na karibu asilimia 87 ya nguvu yake na jiko la umeme litashika. Ikisoma 190 inabaki na robo tatu, na watu watachanganya. Ikisoma chini ya 170, aangalie pembeni ya mlango: gunia litakuwepo.